Boga jitu limesimama kukua, majani bado kijani kibichi: tutafute chanzo

#1 MabogaMinnesota (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Uzi huu ni wa wachache wetu tunaolima maboga majitu, yale ya kupelekwa kwenye mizani ya mashindano mwezi wa kumi. Wengi tuko Marekani, Kanada na Uingereza, ila najua na nyumbani wapo walioagiza mbegu. Kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Julai napata ujumbe wa aina moja: mmea umenawiri, majani mapana, hakuna ubwiri unga, hakuna mnyauko, lakini boga limegoma. Halafu inafuata picha ya majani, na ya boga haipo!

Msimamo wangu ni kwamba majani ndiyo mahali pa mwisho pa kutafuta jibu. Jani linaweza kubaki kijani wiki nzima na zaidi baada ya njia ya kwenda kwenye boga kuharibika. Kwa nini lisibaki? Jua linalo, maji linayo, na chini ya kifundo chake, pale linapoota kwenye shina, kuna mizizi iliyoshika udongo. Kinachokosa chakula ni boga, kwa sababu lenyewe halina mzizi, linalishwa na kikonyo kimoja tu. Kwa hiyo unachochunguza ni njia: mizizi, shina kuu, kikonyo, halafu boga lenyewe, hasa upande wa chini usioonekana.

Kabla ya kuchunguza chochote, chukua tepu. Bila vipimo vya kila siku huwezi kujua kama boga limesimama kweli au macho yamechoka. Pima saa ile ile, asubuhi mapema ni vizuri zaidi. Vipimo ni vitatu: kuzunguka boga usawa wa kikonyo, kutoka ardhini upande mmoja, kupitia juu, hadi ardhini upande wa pili, na kutoka ardhini penye kikonyo, kupitia juu, hadi ardhini penye kitako. Jumlisha vyote vitatu. Wakulima wana majedwali ya kugeuza jumla hiyo kuwa makadirio ya uzito.

Hapa kuna jambo linalowatia watu hofu bure. Uzito unafuata ujazo. Boga la kilo 100 likiongeza kilo 15 kwa siku, jumla ya vipimo inapanda karibu asilimia 4.8. Boga hilo likifika kilo 400 na likiongeza kilo 15 zile zile, jumla inapanda asilimia 1.2 tu. Tepu inaonyesha sentimita zimepungua, mkulima anakata tamaa, kumbe boga linakula vilevile. Geuza kwanza kuwa kilo ndipo useme limesimama.

Halafu hesabu siku tangu uchavushaji. Siku kumi za mwanzo boga linakwenda polepole. Kati ya siku ya 20 na ya 45 hivi ndipo linapokimbia, na boga zuri linaweza kuongeza kilo 20 au zaidi kwa siku moja. Kuanzia siku ya 50 au 60 kasi inashuka yenyewe kwa sababu mbegu zinakomaa na ganda linakuwa gumu. Mtu akiniambia boga lake limepunguza mwendo siku ya 65, hilo linazeeka, simtafutii ugonjwa. Akiniambia siku ya 35, hapo ninaacha ninachofanya.

Jambo la tatu ndilo ninalolitegemea kuliko yote: kasi imeshukaje? Ikiporomoka ndani ya siku moja au mbili, kuna kitu kimepasuka, kimekatika au kimeanza kuoza. Ikipungua kidogo kidogo kwa wiki nzima, tafuta kwenye mizizi, maji, joto, au mahali ambapo chakula kinaelekezwa badala ya boga.

Wenye kesi walete. Tafadhali andikeni siku tangu uchavushaji na vipimo vya siku tano za mwisho. Picha ya majani si lazima.

---

#2 Ontario254

Asante kaka kwa kufungua hii. Mimi ni Mkenya niko Ontario. Boga langu leo ni siku ya 38. Duara la kuzunguka lilikuwa likiongezeka sentimita 7 kila siku, safi kabisa. Juzi likaongeza 4, jana 1, leo asubuhi tepu imesoma palepale. Mmea wote uko kijani, hakuna jani limeinama hata mchana. Nimeacha boga moja tu kwenye mmea. Wiki iliyopita tulipata mvua kubwa siku mbili. Nianzie wapi?

---

#3 Shamba_Darasa

Mkuu #2, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Boga la siku 38 linahitaji nguvu. Weka yurea kidogo kwenye maji, au mbolea ya kupulizia majani, utaona mabadiliko ndani ya siku tatu.

---

#4 MabogaMinnesota

Ndugu yangu Shamba_Darasa, hapo sikubaliani nawe kabisa, na Ontario254 naomba usiweke yurea.

Mmea wenye njaa ya naitrojeni unaonekana: majani ya zamani yanapauka kuwa njano. Mwenzetu anasema yote ni kijani. Ukimwongezea naitrojeni sasa, mmea utatoa ncha mpya na matawi mapya, na sukari itakwenda huko. Kipindi hiki mahitaji yanaegemea zaidi kwenye potasiamu, na ndiyo maana wakulima wengi hupunguza naitrojeni boga likishashika.

Na kuna utafiti unaohusu jambo hili moja kwa moja. Mwaka 2015 Jessica Savage na wenzake walichapisha kazi iliyolinganisha maboga majitu na ndugu zake wa kawaida wa spishi ile ile, Cucurbita maxima. Mtu angetegemea kukuta majani ya majitu yana uwezo mkubwa zaidi wa kutengeneza sukari. Tofauti waliyoikuta ilikuwa kwenye floemu, ile mirija inayosafirisha sukari: majitu yana floemu nyingi zaidi kwenye njia ya kutoka jani hadi tunda. Yaani miaka yote ya kuchagua mbegu imepanua bomba. Sasa bomba likipasuka, jani zuri litasaidia nini?

Ontario254, kushuka kutoka 7 hadi sifuri kwa siku tatu ni mporomoko. Fanya haya kesho, kwa mpangilio huu:

Alfajiri kabla ya jua, angalia kingo za majani. Mmea wa boga wenye mizizi yenye nguvu hutoa matone ya maji ukingoni mwa majani usiku, udongo ukiwa na unyevu. Angalia majani ya karibu na shina la mwanzo, kisha majani ya mbele ya boga. Niambie kama matone yapo pande zote mbili.

Baadaye pitisha vidole kwenye shina kuu lote, kutoka pale mmea ulipoanzia hadi kwenye boga. Bonyeza taratibu. Unatafuta mahali palipolainika, palipopasuka kwa urefu, panapotoa utomvu, au penye unga unga unaofanana na wa mbao. Unga huo ni kinyesi cha bungua wa shina. Huku Amerika Kaskazini nondo wake hutaga kiangazi, na funza mmoja aliyejificha ndani ya shina kati ya mizizi mikuu na boga anatosha kukuharibia msimu, wakati majani yote bado yamesimama. Pia nusa pale mwanzo wa shina. Kuna uozo unaotoa povu na harufu ya kuchacha wakati wa joto na unyevu. Ukiusikia, hiyo ni kesi nyingine.

Mwisho, kikonyo. Usikiangalie kwa juu tu. Tumia kioo cha mkononi na tochi uone chini yake, na uone pale shina linapopita karibu na mabega ya boga.

---

#5 Binti_Njombe

Kaka MabogaMinnesota, habari za huko. Mimi niko Njombe, huku baridi ipo na udongo ni mzuri. Niliagiza mbegu za Atlantic Giant, nimepanda na yale maboga yetu ya kawaida pembeni. Yangu hayajasimama ghafla, yanapungua kidogo kidogo tangu wiki ya tano. Mmea unapendeza sana, mpaka majirani wanakuja kuchuma majani ya maboga, na sisi wenyewe nyumbani tunachuma kila siku mbili. Kuna maboga manne kwenye mmea mmoja. Halafu niulize, hivi hayo ya kwenu yanafika kilo ngapi?

---

#6 Shambani_Leeds

Dada Binti_Njombe, la uzito nijibu mie niliyeko Uingereza. Rekodi ya dunia sasa iko huku: ndugu wawili mapacha, Ian na Stuart Paton wa Lymington, boga lao lilipimwa Oktoba 2025 likawa na kilo 1,278.8. Kabla yao ilishikwa na Travis Gienger wa Minnesota, kilo 1,247 mwaka 2023. Na safari imekuwa ndefu. William Warnock wa Ontario alipima kilo 183 mwaka 1904, na hakuna aliyempita hadi 1976. Kilichobadilisha mchezo ni mbegu ya Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, aliyeshinda miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Hiyo Atlantic Giant uliyopanda ni kazi ya mikono yake. Tani moja ilivukwa mwaka 2014 na Beni Meier wa Uswisi.

Na kwenye mada, niongeze la joto. Sisi huku wengi tunalima ndani ya banda la plastiki. Mchana wa jua kali, milango ikiwa imefungwa, joto linapita nyuzi 35 upesi sana. Jani linafunga vinyweleo vyake ili lisipoteze maji, na likifunga halitengenezi sukari. Jioni ukija linapendeza, huoni dalili yoyote. Kwenye daftari ndiyo unaona: siku za joto kali kasi inashuka, siku za mawingu mepesi inarudi. Ukiona mpangilio huo, fungua milango, weka feni, tandaza kivuli chepesi. Na boga lenyewe lifunikwe shuka jeupe kila siku. Ganda likipigwa na jua linakomaa mapema, nalo likishakuwa gumu halitanuki tena.

---

#7 MabogaMinnesota

Shambani_Leeds umemaliza la joto, ahsante sana.

Binti_Njombe, kwako naona sababu mbili zinazosaidiana. Maboga manne yanagawana chakula kile kile. Kwa chakula cha nyumbani hiyo ni sawa kabisa, manne ya wastani yana faida kuliko moja kubwa lisilopikika. Kwa boga jitu, bakiza moja, lililo mbali kidogo na shina la mwanzo na ambalo kikonyo chake kimesimama wima dhidi ya shina, hakikulalia.

La pili ni uchumaji. Kila jani kubwa unalochuma ni kiwanda kimefungwa. Lakini sikwambii uache mboga, maana ncha ndizo tunazozikata hata sisi. Mmea ukishajaza eneo lake, wakulima wa majitu hukata ncha za matawi yote ya pembeni ili sukari isiende kwenye urefu. Basi chuma ncha na majani machanga ya mwisho wa matawi, hizo ndizo laini sufuriani. Majani makubwa yaliyokomaa yaache, hasa yaliyo jirani na boga. Majirani waelekeze kwenye yale maboga ya kawaida.

Halafu chimba kidogo chini ya kifundo kimoja cha tawi la pembeni, uone mizizi. Ikiwa mieupe na inakatika kwa mlio, ni mizima. Ikiwa ya kahawia na ganda lake linavuka ukiivuta, inaoza, kwa kawaida ni maji yamezidi. Ikiwa na vinundu vinundu, hao ni minyoo fundo, na mmea unaweza kuwa nao huku juu ukionekana mzima kwa muda mrefu ilimradi maji yapo.

---

#8 Afisa_Ugani_Mstaafu

Niongezee hapo kwa Binti. Kabla ya msimu ujao pima udongo. Maabara zipo, TARI Mlingano kule Tanga na SUA Morogoro wanapima. Udongo mwingi wa nyanda za juu kusini una tindikali, na boga linapenda uchachu mdogo tu, pH 6.5 hivi. Tindikali ikizidi, kalsiamu na magnesiamu hupungua, na mmea hauna namna ya kukuonyesha mapema. Chokaa inataka muda, usisubiri hadi wiki ya kupanda. Na samadi iwe imeoza vizuri.

Jambo jingine, huku kwetu nzi wa matunda hutoboa boga likiwa changa na kutaga ndani. Kishimo ni kidogo sana, pembeni kuna tone la utomvu uliokauka. Boga lenye funza ndani hudumaa, baadaye hulainika. Lifunike kwa neti tangu siku ua lilipochavushwa.

---

#9 Ontario254

Wadau, nimerudi. Nimefanya kama kaka alivyoelekeza.

Matone ya alfajiri yapo pande zote, mengi tu. Shina kuu nimelipapasa lote, gumu, hakuna unga, hakuna harufu. Kikonyo kwa juu ni safi. Nilipoweka kioo chini nikaona. Bega la boga limepanuka likalikandamiza shina kuu, na upande wa chini wa shina, pale pale kikonyo kinapoungana nalo, kuna ufa wa urefu wa kidole. Ndani ya ufa ni kahawia na kuna maji maji. Udongo chini yake umeloa tangu ile mvua.

Boga limekwisha?

---

#10 MabogaMinnesota

Halijaisha, ila fanya leo, usingoje kesho.

Boga linapokua linainuka na kupanuka, na shina limefungwa ardhini na mizizi ya kila kifundo. Hapo boga linavuta juu, mizizi inavuta chini, na kinachopasuka ni kiungo. Kwa hiyo kwanza legeza. Kata mizizi ya vifundo viwili au vitatu vilivyo karibu na boga, kila upande, ili shina liweze kuinuka. Utapoteza maji kidogo, mizizi ya vifundo vingine itafidia. Kisha, watu wawili kwa upole, sogezeni shina nyuma kidogo kidogo ligeuke kutoka begani. Lifanyeni saa za mchana wa joto shina likiwa limelegea. Asubuhi limejaa maji na linakatika upesi. Kama kuna jani ambalo shina lake limebanwa kati ya bega na shina kuu, likate.

Udongo uliolowa chini ya ufa uondoe wote, weka mchanga mkavu. Futa maji ndani ya ufa kwa kitambaa safi, kwangua taratibu sehemu iliyolainika hadi ufikie tishu ngumu, kisha paka unga wa salfa. Feni ndogo ielekezwe hapo usiku na mchana. Usifunge kwa plastiki wala mkanda, kidonda kinataka hewa. Mwagilia mbali na hapo, na usimwagilie kwa mkupuo: maji mengi baada ya ukavu ndiyo yanayopasua maboga.

Ukimaliza, chunguza na boga lenyewe wakati una tochi mkononi. Kwenye maboga makubwa kitako na tumbo hujikunja ndani, na nyufa huanzia mahali ambapo jicho halifiki. Pitisha mkono chini. Kama unahisi ubaridi wa maji au harufu ya tunda lililochacha, tuambie. Ufa unaofika ndani kwenye mbegu ni habari nyingine, hilo halikubaliwi kwenye mizani za GPC (Great Pumpkin Commonwealth, wasimamizi wa mashindano ya maboga majitu) hata likiwa zito namna gani.

---

#11 Shamba_Darasa

Mkuu, nimefuatilia. Swali: kama matone ya alfajiri yasingekuwepo, ungesemaje?

---

#12 MabogaMinnesota

Swali zuri. Yasingekuwepo popote, na udongo una unyevu, ningeshuku mizizi mikuu. Baada ya mvua ya siku mbili kwenye udongo mzito, mizizi inakosa hewa na kuanza kuoza, na majani yanaweza kuchelewa siku kadhaa kabla ya kunyauka. Yangekuwepo nyuma ya boga lakini mbele hakuna, ningetafuta mahali palipokatika katikati. Kwake yalikuwepo kote, ndiyo maana nikajua mizizi iko salama na shida imejibana karibu na boga. Hewa ikiwa kavu sana au upepo ukivuma usiku matone hukauka, kwa hiyo angalia asubuhi mbili au tatu ndipo uamue.

---

#13 Ontario254

Nimerudi na vipimo. Tulilegeza shina mimi na jirani, tukakata mizizi, mchanga umewekwa, feni inafanya kazi. Siku mbili za kwanza hakuna kitu. Siku ya tatu sentimita 1. Jana 2, leo 3. Ufa umekauka, kingo zimeanza kuwa ngumu. Chini ya boga nimepitisha mkono, pakavu, hakuna harufu. Haliko kwenye kasi ile ya zamani, lakini linatembea. Mungu awabariki.

---

#14 Binti_Njombe

Hongera sana Ontario254! Na mimi nimechimba kifundo, mizizi ni mieupe, haina vinundu. Nimetoa maboga matatu, leo tumeyapika mawili kwa nazi. Majirani nimewaonyesha upande wa pili wa shamba. Kaka, lile lililobaki niliwekee nini chini, maana limekaa kwenye udongo mtupu?

---

#15 MabogaMinnesota

Ontario254, sentimita 3 siku ya 40 na kitu ni kilo nyingi bado. Endelea kupima, na kila baada ya siku tatu rudisha kioo chini ya kikonyo, bega litaendelea kupanuka. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 mwezi Septemba, lifunike blanketi. Usilikate mapema kwa hofu. Likate tu kama uozo wa kikonyo unaelekea kwenye boga.

Binti, kwa ukubwa lilio nao sasa watu wanne wanaweza kuliinua. Liinueni mchana, shina likiwa limelegea, mtu mmoja akishika kikonyo kisijipinde. Chini tandaza mchanga mkavu unene wa kiganja, juu yake weka gunia la plastiki lenye matundu, maji yapite na boga liteleze linapopanuka. Nyasi usiweke, zinashika unyevu na zinakaribisha panya. Ukishamaliza, pima vipimo vitatu uviandike hapa pamoja na tarehe ya uchavushaji, tuanze kulifuatilia.